Ukikamatwa Texas kwa Kuendesha Gari Ukiwa Umelewa: Mwongozo kwa Wasemaji wa Kiswahili

Mtu anayekamatwa Houston au Dallas usiku wa Jumamosi kwa tuhuma ya kuendesha gari akiwa amelewa hutoka mahabusu na usingizi, aibu na rundo la karatasi, na mara nyingi karatasi hizo huzitia kwenye droo akingoja tarehe ya mahakama. Hapo ndipo anapojiponza kwa mara ya pili. Mojawapo ya karatasi hizo huitwa DIC-25, nayo inampa siku 15 tu, tangu siku aliyokabidhiwa, za kuomba kikao cha kutetea leseni yake. Siku hizo zikipita bila maombi, leseni husimamishwa yenyewe kuanzia siku ya 40, hata kama hakimu bado hajalisoma jina lake.

Jambo la kwanza la kuelewa, basi, ni kwamba usiku mmoja huzaa mashauri mawili, na kwa asiye raia wa Marekani huzaa hata matatu. Kuna shauri la leseni, linaloendeshwa na Idara ya Usalama wa Umma ya Texas. Kuna kesi ya jinai katika mahakama ya kaunti. Na kuna suala la uhamiaji, ambalo liko mikononi mwa serikali kuu. Kila moja lina maofisa wake, muda wake na kipimo chake cha ushahidi, na kushinda katika moja si lazima kukuokoe katika jingine. Mwongozo huu unahusu Texas, kwa kuwa kila jimbo lina sheria zake, na jirani wa mbali kama Utah ameshusha kiwango cha pombe hadi 0.05 tangu mwisho wa mwaka 2018. Sehemu za madereva wa malori na uhamiaji, hata hivyo, zinatokana na sheria za nchi nzima.

Ulevi ni nini mbele ya sheria

Kosa lenyewe limeandikwa katika sura ya 49 ya Kanuni ya Adhabu ya Texas, na kwenye karatasi zote utaliona likiitwa DWI. Linaweza kuthibitishwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni namba: pombe ya 0.08 au zaidi katika kipimo cha damu, pumzi au mkojo. Aliyewahi kusimamishwa Nairobi na polisi wa alkobloo, kile kifaa cha kupima pombe, atakitambua kiwango hiki, kwa sababu miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu ndicho kiwango kilichoandikwa pia katika kanuni za Kenya. Njia ya pili haihitaji namba yoyote. Inatosha mwendesha mashtaka athibitishe kwamba dereva alikuwa amepoteza matumizi ya kawaida ya akili au mwili wake kwa sababu ya pombe, dawa ya kulevya, dawa ya hospitali, mchanganyiko wa hivyo, au kitu kingine chochote. Kwa hiyo mtu mwenye kipimo cha 0.06 anaweza kutiwa hatiani, na wanaodhani kwamba chini ya 0.08 kuna ruhusa wanaisoma nusu ya sheria.

Hesabu ya chupa nayo huwapotosha wengi wetu. Marekani, kinywaji kimoja cha kawaida maana yake ni gramu 14 hivi za pombe halisi, yaani bia ya mililita 355 yenye asilimia 5. Chupa ya nusu lita tuliyoizoea Afrika Mashariki ni zaidi ya kinywaji kimoja, na chupa kubwa ya sentilita 72 ambayo watu wa Kongo huiita bia moja ni sawa na vinywaji viwili kamili. Mwili nao huondoa pombe polepole, takriban 0.015 kwa saa, na hakuna kahawa, supu ya mbuzi wala kuoga maji baridi kunakouharakisha. Aliyelala saa 9 usiku akiwa na 0.16 bado anaweza kuwa juu ya 0.08 saa 1 asubuhi anapoliwasha gari kwenda kanisani.

Kwa upande wa dawa, Texas haina namba; mtu hupimwa kwa jinsi alivyoathirika. Kuwa na cheti cha daktari si utetezi, na sheria inasema hivyo waziwazi: haki ya kutumia dawa haikupi haki ya kuendesha gari ukiwa umelewa dawa hiyo. Dawa za usingizi, za maumivu makali na hata baadhi ya dawa za mafua zinazoleta usingizi zinaingia humo. Bangi iliyonunuliwa kwa risiti Colorado hugeuka kosa la jinai pindi inapovuka mpaka wa Texas, na kwa asiye raia madhara yake yanazidi sana yale ya pombe, kama tutakavyoona.

Miraa, yaani mirungi, inahitaji maneno yake. Kenya ni zao halali linalolisha kaya nyingi za Meru, ilhali Tanzania mirungi imo katika orodha ya dawa za kulevya. Kwa hiyo hata sisi wenyewe kwa wenyewe hatukubaliani. Sheria ya serikali kuu ya Marekani iko upande wa Tanzania. Kathinoni, kemikali iliyomo katika majani mabichi, imo katika orodha ya kwanza ya dawa zinazodhibitiwa, pamoja na heroini. Dereva anayetafuna ili asisinzie katika safari ya usiku hajalewa kwa maana ya kijiweni, lakini kifurushi kilicho kwenye kiti cha abiria kinaweza kumfungulia kesi nzito kuliko ile aliyosimamishiwa.

Gari likisimamishwa

Texas haina vizuizi vya barabarani vya kupima pombe kama tulivyovizoea nyumbani, kwa kuwa mahakama ya juu ya jinai ya jimbo ilikataa vizuizi vya namna hiyo mwaka 1994. Ofisa hukusimamisha kwa sababu aliyoiona: taa iliyokufa, kuyumba njiani, mwendo wa kasi. Mpe leseni na karatasi ya bima, weka mikono kwenye usukani, ongea kwa adabu. Swali litakalofuata ni umekunywa kiasi gani, na hapo karibu kila mtu hujibu kwamba ni bia mbili tu. Jibu hilo hurekodiwa na kamera na husomwa mahakamani miezi kadhaa baadaye. Huna wajibu wa kulijibu. Unaweza kusema kwa upole kwamba ungependa kutojibu maswali bila wakili, na kunyamaza huko ni haki ya kikatiba. Kusema uongo ni jambo tofauti kabisa. Hasa usiseme kwamba wewe ni raia wa Marekani ikiwa si raia, kwa sababu dai hilo la uongo linaweza kukufungia njia ya ukaazi moja kwa moja.

Ofisa akishuku, atakuomba ufanye majaribio matatu hapo kando ya barabara: kufuata kalamu kwa macho bila kugeuza kichwa, kutembea hatua tisa kisigino kikigusa vidole kisha kugeuka na kurudi, na kusimama kwa mguu mmoja kwa sekunde 30 hivi. Majaribio haya ni ya hiari, na kuyakataa hakusimamishi leseni, ingawa ofisa anaweza kukukamata kwa dalili nyingine alizoziona. Mwenye goti bovu, mwenye umri mkubwa au asiyeelewa maelekezo ya Kiingereza aseme hivyo kabla ya kuanza. Mazoea yetu ya kuitikia ndiyo kwa kila jambo ili kuonyesha heshima yanatuumiza mahali hapa, kwa kuwa ofisa ataandika kwamba ulielewa maelekezo ukashindwa kuyafuata.

Kipimo cha pumzi au damu kinachoombwa baada ya kukamatwa ni habari nyingine. Kwa kuendesha gari katika barabara za Texas unahesabiwa kuwa umekwisha kuridhia kupimwa. Ofisa hukusomea onyo na kukupa nakala yake, iitwayo DIC-24. Ukikataa kwa mara ya kwanza, leseni husimamishwa kwa siku 180. Ukikubali na kipimo kikafika 0.08, husimamishwa kwa siku 90. Mtu akiona tofauti hiyo hudhani kwamba kukataa ni kununua usalama kwa siku 90 za ziada. Sivyo inavyokuwa mara nyingi, kwa sababu ofisa anaweza kumwomba hakimu hati, na hati ikitolewa damu huchukuliwa upende usipende, kisha kule kukataa kwenyewe huletwa mahakamani kama ushahidi dhidi yako. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 2016 kwamba polisi wanaweza kupima pumzi ya mtu aliyekamatwa bila hati, lakini kwa damu wanahitaji hati au idhini, isipokuwa katika dharura. Wala huna haki ya kumpigia wakili kabla ya kuamua kuhusu kipimo. Uamuzi ni wako peke yako, saa ileile.

Siku 15

Maombi ya kikao yanaweza kupelekwa na wewe mwenyewe au na wakili, na uthibitisho wa kuyapeleka utunzwe. Yakifika kwa wakati, kwa kawaida leseni hubaki hai mpaka uamuzi utolewe, na DIC-25 yenyewe hutumika kama kibali cha muda. Kikao husikilizwa na hakimu wa masuala ya utawala. Hoja zake ni finyu: ofisa alikuwa na sababu ya kukusimamisha na kukukamata, na ulikataa kipimo au ulifikia kiwango? Wengi hushindwa katika kikao hiki, na mimi bado naona kinafaa kuombwa, maana ndiyo nafasi ya mapema ya wakili kumhoji ofisa chini ya kiapo kabla kesi ya jinai haijaiva. Zaidi ya hayo, ukiachiliwa huru katika kesi ya jinai, kusimamishwa kwa leseni kunakotokana na tukio hilo hufutwa.

Aliyechukuliwa damu asishangae asipopewa karatasi usiku uleule. Majibu ya maabara huchukua muda, na taarifa ya kusimamishwa hutumwa kwa posta kwenye anwani iliyo katika leseni. Sheria ya Texas inakutaka uripoti anwani mpya ndani ya siku 30 za kuhama, na katika jamii yetu, ambamo watu huhama nyumba za kupanga mara kwa mara, hapa ndipo siku 15 hupotea bila mtu kujua kwamba zilianza. Leseni ikisimamishwa, bado unaweza kumwomba hakimu leseni ya kazi, inayokuruhusu kuendesha kwa saa na njia zilizotajwa, kwenda kazini, shuleni au kushughulikia mahitaji muhimu ya nyumbani. Kuirudisha leseni ya kawaida baadaye kunagharimu dola 125.

Mahakama ya jinai

Baada ya kukamatwa utafikishwa mbele ya hakimu atakayekueleza haki zako na kupanga dhamana. Omba mambo mawili hapo hapo. La kwanza ni wakili wa kulipiwa na serikali, ikiwa huna uwezo wa kumlipa wako. La pili ni mkalimani, ambaye sheria ya Texas inaitaka mahakama ikupatie ikiwa huelewi Kiingereza, bila malipo kwako. Taja lugha yako kwa ukamilifu. Mtu wa Uvira au Lubumbashi akisema Kiswahili tu anaweza kuletewa mkalimani wa Mombasa, na wakapishana kwenye maneno ya kila siku. Kama lugha unayoifikiria ni Kibembe au Kinyarwanda, sema hiyo. Vilevile, mgeni aliyekamatwa ana haki ya ubalozi wake kuarifiwa. Raia wa Kenya au Kongo huulizwa kama anataka, lakini kwa raia wa Tanzania maofisa wanatakiwa kuarifu hata bila ombi lake, kwa sababu ya mkataba kati ya Tanzania na Marekani.

Kosa la kwanza ni dogo la daraja B, lenye kifungo cha saa 72 hadi siku 180 na faini isiyozidi dola 2,000. Kukiwa na chombo cha pombe kilichofunguliwa ndani ya gari, kiwango cha chini cha kifungo hupanda hadi siku 6. Kipimo kikifika 0.15, kosa hupanda hadi daraja A, mwaka mmoja na dola 4,000. La pili ni daraja A likianzia siku 30. La tatu ni jinai nzito ya miaka 2 hadi 10 gerezani. Texas haisahau: hukumu ya mwaka 2004, hata ya jimbo jingine, huhesabiwa. Kuendesha ukiwa umelewa na mtoto wa chini ya miaka 15 garini ni jinai nzito hata kwa mara ya kwanza, na dereva mlevi akiua mtu anakabiliwa na miaka 2 hadi 20. Aliyeuawa akiwa mzazi, sheria iliyoanza Septemba 2023 inamtaka mkosaji alipe matunzo ya watoto walioachwa.

Faini iliyotajwa si gharama yote. Tangu Septemba 2019 mahakama hutoza faini ya pili ya jimbo ya dola 3,000 kwa hukumu ya kwanza ndani ya miezi 36, dola 4,500 kwa inayofuata, na dola 6,000 kipimo kikiwa 0.15 au zaidi. Asiye na uwezo anaweza kuomba asamehewe faini hii, na ombi hilo halijileti lenyewe, mwambie wakili. Ongeza wakili, masomo ya lazima, bima iliyopanda, na pengine kifaa cha kupulizia kinachofungwa kwenye gari ili injini isiwake pumzi ikiwa na pombe, ambacho hulipiwa na dereva kila mwezi.

Sheria nyingine ya mwaka huohuo wa 2019 iliruhusu hukumu kuahirishwa kwa baadhi ya wakosaji wa mara ya kwanza waliokuwa chini ya 0.15: unakiri au hupingi shtaka, unatimiza masharti, na mwishoni kesi hutupwa bila hukumu. Mwendesha mashtaka akilitoa pendekezo hili, raia hushukuru akasaini. Asiye raia asisaini kabla ya kusoma sehemu ya mwisho ya mwongozo huu.

Dereva wa lori

Kwa mwenye leseni ya biashara, kiwango akiwa ndani ya lori ni 0.04. Lakini linalowaangusha wengi ni lile la gari dogo. Hukumu ya DWI, au kukataa kipimo, ndani ya gari lako mwenyewe siku ya mapumziko hukuondolea haki ya kuendesha lori kwa mwaka mmoja. Ukiwa unabeba mizigo ya hatari ndani ya lori, ni miaka 3. Tukio la pili ni maisha. Hukumu iliyoahirishwa haipatikani kwako, na ile leseni ya kazi anayotoa hakimu hairuhusu lori. Kwa dereva anayelipia lori lake kwa mkopo, shauri la leseni linaweza kuwa zito kuliko kifungo, na wakili anayetetea jinai tu bila kulijua hili hafai kwa kesi yake.

Uhamiaji

Alama za vidole zinazochukuliwa mahabusu hufika hadi kwa serikali kuu, kwa hiyo usihesabu kwamba jambo litabaki kaunti. DWI ya kawaida ya pombe, bila majeraha wala dawa, kwa kawaida si kosa linalomfukuzisha mwenye kadi ya kijani. Katika kesi ya Leocal ya mwaka 2004, Mahakama Kuu ilikataa kuliita kosa la ulevi barabarani, hata lililojeruhi kwa uzembe, kuwa jinai ya ukatili. Ila kuna njia nyingine za kuumia. Mwenye viza ya masomo au kazi anaweza kufutiwa viza kwa sababu ya kukamatwa tu, kabla ya hukumu, na akitoka nje ya nchi atalazimika kuomba upya. Hukumu mbili katika kipindi kinachochunguzwa humfanya mwombaji uraia ahesabiwe hana tabia njema mpaka athibitishe kinyume chake, kufuatia uamuzi wa mwanasheria mkuu wa mwaka 2019. Aliye kwenye kifungo cha nje hawezi kuidhinishiwa uraia mpaka akimalize.

Dawa zikiingia, mizani hubadilika. Hukumu ya kumiliki dawa iliyodhibitiwa inaweza kumfukuzisha hata mkaazi wa kudumu, isipokuwa tukio moja la bangi isiyozidi gramu 30 kwa matumizi yake mwenyewe. Na ile hukumu iliyoahirishwa, ambayo Texas husema si hukumu, kwa uhamiaji ni hukumu kamili ikiwa ulikiri au hukupinga na ukawekewa masharti. Ndiyo maana uamuzi wa Padilla wa mwaka 2010, uliomhusu dereva wa lori mzaliwa wa Honduras aliyekutwa na bangi Kentucky, unamtaka wakili wa jinai amweleze mteja asiye raia hatari ya kufukuzwa kabla ya kukiri. Mwulize swali hilo kwa maneno hayohayo, na asipokuwa na jibu omba amhusishe wakili wa uhamiaji. Wenye ndugu Toronto au Edmonton wajue pia kwamba Kanada, tangu Desemba 2018, inauhesabu ulevi barabarani kuwa uhalifu mzito, na hata mtu mwenye hukumu moja anaweza kurudishwa mpakani.

Kesi ikiisha, kwa vyovyote itakavyoisha, nenda kwa karani wa mahakama uchukue nakala iliyothibitishwa ya uamuzi, uihifadhi pamoja na pasipoti. Fomu ya uraia huuliza kuhusu kila kukamatwa, hata kesi iliyotupwa, na ofisa wa mahojiano ataitaka karatasi hiyo miaka mingi baada ya karani aliyeipiga muhuri kustaafu.